Muulize Nesi: Usonji Haukuanza Mwezi Machi

SWALI

Shikamoo Bibi Nesi. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa, ana usonji na hasemi. Anaelewa mengi, ila maneno hana. Akitaka maji ananishika mkono na kunipeleka kwenye ndoo. Tangu mwezi Machi amebadilika. Anaamka saa nane za usiku na kujipiga ngumi kwenye taya la kushoto. Anang'ata ukosi wa shati mpaka unachanika. Ugali ameuacha, anakunywa uji tu, tena uliopoa. Mdogo wake akimkaribia anamsukuma, na hakuwa na tabia hiyo. Nimempeleka hospitali mbili. Ya kwanza daktari hakumgusa, alisema, "Mama, hawa watoto wa usonji ndivyo walivyo," akaandika risperidoni ya kumtuliza. Ya pili waliongeza dozi. Sasa anasinzia mchana, na usiku anajipiga vilevile. Mama mkwe anasema ni jini. Mimi najua mwanangu anaumwa, lakini kila nikisema naonekana mama asiyetaka kukubali hali ya mtoto wake. Nifanye nini wanisikilize?

Mama wa watatu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Sikufika nusu ya barua yako kabla sijaanza kuwaza meno. Mimi ni nesi mstaafu wa wodi ya watoto, si daktari, na mtoto sijamwona. Lakini anaamka usiku, anapiga upande mmoja wa taya, anakataa kigumu na cha moto, anang'ata nguo. Mtoto mwingine yeyote wa miaka tisa angekuja na hayo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemwambia "hebu fungua mdomo." Huenda ni jino lililotoboka, huenda ni usaha kwenye fizi, huenda ni sikio, maana maumivu ya sikio hushuka hadi kwenye taya. Yote hayo yanaangaliwa kwa tochi. Mwanao hakuangaliwa.

Sentensi ya kumjibu daktari akisema ni usonji ni hii: "Usonji amezaliwa nao. Kujipiga kumeanza Machi." Iseme hivyohivyo, fupi, kisha nyamaza umwache aifikirie.

Tatizo unalopambana nalo linajulikana vizuri duniani. Hali yenye jina kubwa hugeuka kapu: kila dalili mpya inayotokea inatupiwa humo bila kuangaliwa. Mtoto mwenye usonji akilia, ni usonji. Asipolala, ni usonji. Akipiga kichwa ukutani, ni usonji. Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Marekani lilichapisha makubaliano yao katika jarida la madaktari wa watoto kwamba mtoto mwenye usonji anayebadilika tabia ghafla, au anayeanza kujiumiza, achunguzwe maumivu ya tumbo na njia ya chakula, kwa sababu kwa asiyesema, ile tabia inaweza kuwa dalili pekee. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 nao unataka daktari akikutana na tabia ngumu atafute kwanza maradhi ya mwili na maumivu. Kwa hiyo unachoomba si upendeleo. Ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa.

Nikueleze kisa cha wodini. Aliletwa kijana mdogo mwenye usonji, kutwa alikuwa analalia tumbo kwenye ukingo wa chuma wa kitanda, anajisukuma. Kwenye faili kulikuwa kumeandikwa "tabia." Tena alikuwa anachafua nguo, choo chepesi kinatoka chenyewe, kwa hiyo alikuwa ameshapewa Flagyl ya kuhara huko alikotoka, zaidi ya mara moja. Mama yake akawa anasema, "Huyu haharishi, huyu amefunga choo." Hakuna aliyemwelewa, atafungaje choo mtu anayechafua nguo? Siku daktari bingwa alipopita akaminya tumbo, akaagiza eksirei: utumbo umejaa choo kigumu, na kile chepesi kilikuwa kinapenya pembeni yake. Kilichofuata ni kazi ya dawa ya kulainisha choo, maji mengi na subira ya wiki nyingi. Ukingo wa kitanda akauacha. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba mama alikuwa amelisema jibu tangu mapokezi.

Sasa tuje kwako. Daktari anakutana na mwanao kwa dakika tano, katika chumba chenye kelele, mtoto anapiga kelele pia. Anachokiona ndicho anachodhani ni hali yake ya kila siku. Hana cha kulinganisha naye. Wewe ndiye mwenye kipimo hicho, na kazi yako ni kukiweka mezani pake kabla hajashika kalamu.

Andika ukurasa mmoja, usizidi. Juu weka uzito wake, dawa anazotumia na mzio kama upo. Chini gawa pande mbili: alivyokuwa kabla ya Machi, na alivyo sasa. Kabla: analala saa tatu hadi kumi na mbili, anakula ugali na dagaa, anapenda mdogo wake amkalie mgongoni. Sasa: anaamka saa nane, hatafuni, anajipiga taya la kushoto tu, anamsukuma mdogo wake. Usiandike "anasumbua sana" wala "ana hasira." Andika unachokiona kwa macho: upande gani, saa ngapi, baada ya kula au kabla. Kama anasoma, mwombe mwalimu wake aandike mistari mitatu na kutia sahihi. Jambo likionekana nyumbani na shuleni, ni vigumu kusema mama ndiye mwenye wasiwasi.

Kisha simu. Rekodi vipande viwili vya nusu dakika, kimoja cha saa nane usiku anavyojipiga, na kingine cha zamani, cha kabla ya Machi, akicheza au akila. Wazazi wengi huenda na cha kwanza tu. Cha pili ndicho kinachomshtua daktari, kwa sababu hapo anaona kwamba aliyeko mbele yake ni yuleyule mtoto anayecheka, sasa akiwa mgonjwa. Punguza sauti kabisa ukimwonyesha, kilio humfanya mtu aangalie pembeni.

Kuna jaribio moja dogo ambalo wauguzi tunalipenda. Mpe parasetamoli ya dozi sahihi kabla ya saa anayoamka, umwangalie. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Kama ana kilo 25, nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha. Usirudie kabla ya saa sita, na usizidishe mara nne kwa siku nzima. Kama ana ugonjwa wa ini, usimpe bila kuuliza. Akilala, au ngumi zikipungua, andika saa uliyompa na saa alipotulia. Dawa ya maumivu haitibu usonji. Ikimtuliza, umepata ushahidi. Asipotulia haimaanishi hana maumivu, jino lenye usaha huishinda parasetamoli kwa urahisi. Na tafadhali, diklofenaki ya dukani usimpe, wala aspirini.

Siku ya kwenda, fika mapema umtafute nesi wa mapokezi kabla ya daktari. Mwambie mtoto hawezi kukaa kwenye foleni, muulize kama mnaweza kusubiri nje na aitwe kwa simu. Wengi watakubali, kwa sababu mtoto anayepiga kelele kwenye benchi si raha ya mtu yeyote. Beba kanga yake aliyoizoea. Mwambie mwanao hospitali watafanya nini, au mwonyeshe kwa mikono yako nyumbani: tochi mdomoni, mkono tumboni, kitu sikioni. Cheza naye mchezo huo jioni kadhaa.

Ukiingia, neno usonji lisitangulie. Sema, "Daktari, mtoto ana maumivu upande wa kushoto wa uso tangu Machi, halali, hatafuni. Hasemi kwa sababu ana usonji, kwa hiyo nimekuandikia." Unaona mpangilio? Maumivu kwanza, usonji baadaye. Ukianza na usonji, faili inaweza kupelekwa chumba kingine kabla hujafika kwenye taya.

Akikwambia ndivyo walivyo, usigombane. Muulize kwa upole: "Kama angekuwa hana usonji, ungeanza kumpima nini?" Nimeona swali hilo likimsimamisha daktari mzuri aliyechoka. Halafu: "Naomba hayo hayo." Bado anakataa? "Basi naomba uandike kwenye faili kwamba umeangalia kinywa, masikio, koo na tumbo, na hukuona kitu." Ni ombi la heshima, huna ulilomtukana. Lakini hakuna anayependa kuandika kwamba ameangalia kinywa ambacho hakukiangalia, na mara nyingi tochi hutoka mfukoni hapo hapo.

Nitasema jambo ambalo silipendi. Nenda na mtu mwingine, na kama baba wa mtoto au mjomba yupo, nenda naye. Nimekaa hospitali nikaona mama akizungumza robo saa bila kusikilizwa, kisha mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi akarudia maneno yaleyale na fomu ya rufaa ikaandikwa. Inaudhi. Itumie.

Kinywa chake kikionekana kina shida, utapelekwa kwa daktari wa kinywa na meno, na huenda hatakubali kukaa kwenye kile kiti. Usikubali ashikwe na wanaume wanne ang'olewe jino huku analia. Baada ya hapo hospitali utaisikia kwenye redio tu, hutamwingiza tena. Uliza kuhusu kutibiwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Inahitaji hospitali kubwa, kwako itakuwa safari ya Dodoma au Muhimbili, na inahitaji rufaa na maandalizi. Ikifika hapo, omba mapema kabisa kwamba akiwa amelala wamalize yote: meno yote yaangaliwe, masikio yaangaliwe, na damu ya vipimo ichukuliwe. Usingizi mmoja, kazi zote. Wenyewe kwa wenyewe madaktari hawakumbuki kuambizana.

Risperidoni usiikate ghafla kwa sababu mimi nimesema ni jino. Rudi kwa aliyeiandika, au kwa mwingine, umwambie inamsinzisha mchana na haijapunguza ngumi usiku, na uulize kama ipunguzwe taratibu. Ujue pia kwamba dawa hiyo inaweza kufunga choo. Kwa hiyo hesabu siku za choo kwenye ule ukurasa wako.

Kuhusu jini, sina ugomvi na mama mkwe. Asome dua, na jino liangaliwe.

Ukigonga mwamba hospitali ya tatu, muulizie mganga mfawidhi, na muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo wa pili watu humkumbuka wakikosa pesa tu, kumbe kusimamia mgonjwa asiyesikilizwa nayo ni kazi yake. Malalamiko yawe ya maandishi, yenye tarehe. Humo ndimo unapoitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka wapate huduma ya afya bila kubaguliwa. Usiitaje mlangoni kwa daktari, utamfanya ajitetee badala ya kumtibu mtoto.

Yapo ambayo hayasubiri ukurasa wala video. Uso ukivimba kuelekea kwenye jicho au chini ya kidevu, akishindwa kumeza hata mate, homa kali yenye shingo ngumu, kutapika kijani, tumbo lililokakamaa lisiloguswa, korodani iliyovimba au kupanda, mguu asioukanyaga: usiku huohuo, bodaboda au gari la jirani, nenda. Vivyo hivyo ukihisi amemeza betri ndogo ya duara, zile za rimoti na midoli, au sumaku. Betri hiyo inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

SWALI

Hamjambo gazetini. Mjukuu wangu ana usonji. Juzi alikanyaga msumari ukaingia, hakulia hata kidogo, aliendelea kuzungushazungusha kifuniko chake cha chupa. Daktari akatuambia watoto hawa hawasikii maumivu. Ni kweli?

Bibi, Lindi

JIBU

Shikamoo bibi. Si kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada waliwarekodi watoto wenye usonji wakitolewa damu kwa sindano, wakazichambua nyuso zao kwa makini, na maumivu yalionekana wazi usoni. Kinachotofautiana ni jinsi yanavyotoka. Wengine hucheka. Wengine hukimbia huku na huko. Wengine hunyamaza kabisa, na kuzungusha kifuniko kwa kasi zaidi ndicho kilio chenyewe. Wapo pia wanaochelewa, wakaja kulia kesho yake wakati wote mmesahau msumari. Asipolia, wewe mhesabie kwamba imemuuma.

Halafu hebu muulize mama yake: amechomwa chanjo ya pepopunda baada ya huo msumari? Kama hapana, mpelekeni leo, na kidonda kisafishwe. Na jioni akioga, mwangalie nyayo, vidole na masikio. Kwa mtoto asiyelia, macho ya bibi ndiyo kengele.

SWALI

Sista, pole na majukumu. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, nawasoma kila toleo. Mnatusema sana. Naomba uandike na upande wetu: mtoto hagusiki, ananiuma, nje kuna foleni, mama amekuja na orodha ya vipimo ambavyo hapa hatuna. Nianzie wapi?

Tabibu, Kagera

JIBU

Tabibu, ahsante kwa kuuliza, wengi hawaulizi. Anzia mlangoni kabla hujamgusa. Anatembeaje? Anachechemea, anainama, ameshika wapi? Anapumuaje? Hayo yote unayapata ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Pili, mikono ya mama itumie. Mwambie aminye tumbo yeye, wewe uangalie uso wa mtoto. Mwambie avute sikio kidogo, wewe uangalie uso. Sehemu inayoshukiwa iwe ya mwisho, na kinywa na masikio vifuate baada ya vyote, maana ukianza navyo mtoto umeshampoteza. Kifaa cha masikio mwachie akishike kwanza, umwangalie mama yake nacho, kisha yeye. Ukiona foleni ni ndefu mno, mpangie aje wa kwanza kesho asubuhi au wa mwisho jioni, lakini tu kama hakuna dalili ya hatari.

Kuna vipimo vya maumivu kwa asiyesema, na havihitaji umeme. FLACC ina mambo matano: uso, miguu, mwili unavyojongea, kilio, na kama anabembelezeka. Kila moja unalipatia alama 0 hadi 2, jumla 10. Lipo toleo lililorekebishwa mwaka 2006 ambalo mzazi anaongeza dalili za mtoto wake mwenyewe. Humo ndimo "anang'ata ukosi wa shati" inapopata nafasi yake. Ipo pia orodha ya Kanada yenye vipengele 30 kwa watoto wa miaka 3 hadi 18 wasiosema, mlezi anamwangalia mtoto kwa saa mbili kisha anajaza. Inauliza hata usingizi, chakula na kujitenga. Ibandike ukutani, wape kina mama waijaze wakiwa kwenye benchi.

Vipimo ulivyo navyo vinafika mbali kuliko unavyodhani: tochi, mkono wako, kipimo cha haraka cha malaria, kijiti cha mkojo. Uliza choo mara ya mwisho lini na kikoje. Binti aliyebalehe, uliza siku zake. Kama fujo zinakuja kila mwezi kwa wakati uleule, umeshapata jibu. Na usisahau selimundu. Nchi yetu ina watoto wengi wenye nayo, na usonji haumkingi mtu nayo. Mtoto anayelia akiguswa mifupa apimwe, hata kama ana jina jingine kwenye faili.

Mama mwenye orodha ya vipimo usimchukie. Mara nyingi ni mtu aliyeambiwa "ndivyo walivyo" mahali kwingine, sasa amekuja amejihami. Mwambie vipimo unavyoviweza na usivyoviweza, na kwamba visivyopo utamwandikia rufaa ukishapata sababu. Wengi hupumua hapo hapo.

Na kama leo hukuona kitu, neno "tabia" lisiingie kwenye faili. Andika "chanzo cha maumivu bado hakijapatikana," mpe tarehe ya kurudi ndani ya wiki moja, mwambie dalili za kumrudisha usiku, na mpe namba ya simu ya kituo, ile inayopokelewa.